Filamu Hii Inasema na Nani? Pango la Kitum, Kibanda cha Video na Sinema Zetu



Mpenzi wa filamu akipewa kipaza sauti, watu hungoja awatajie filamu kumi bora za dunia. Mimi sina kumi bora. Nina swali moja ambalo huingia nalo ukumbini kila mara: aliyetengeneza filamu hii alidhani ni nani atakayeketi hapa aitazame? Kwangu mimi swali hilo lina uzito kuliko bajeti, kuliko tuzo, na kuliko umri wa filamu yenyewe.

Tuanzie kwenye mlima huu wetu, Elgon. Pango la Kitum mnalijua. Ndovu huingia humo gizani wakichokoa chumvi ukutani kwa pembe zao. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alilitembelea, akaugua homa ya virusi vya Marburg, akafia Nairobi. Daktari aliyehangaika kumwokoa aliambukizwa lakini akapona. Mwaka 1987 mvulana wa Denmark mwenye umri wa miaka 15 alikufa baada ya kuingia pango lilo hilo. Mmarekani Richard Preston akaandika kitabu, The Hot Zone, kilichotoka mwaka 1994, na Hollywood ikaanza mbio. Ridley Scott alitaka kukitengenezea filamu, mradi ukavunjika. Wolfgang Petersen, akiwa na hadithi nyingine ya virusi, akawahi kumaliza Outbreak mwaka 1995, na Dustin Hoffman ndiye stelingi.

Outbreak naipenda, sitawaficha. Ina mahali ambapo mgonjwa anakohoa ndani ya ukumbi wa sinema, na kamera inayafuata matone ya mate hewani hadi kinywani mwa mtazamaji mwingine anayecheka. Ni ufundi mkubwa huo: unamtia hofu mtu kwa kumwonyesha mahali pale pale alipoketi. Lakini hebu tazameni nani anayetiwa hofu. Waafrika, wa Zaire katika hadithi hiyo, wanakufa mwanzoni kabisa, hatujaambiwa jina la hata mmoja, kisha hadithi inahamia mji mdogo wa California, na huko ndiko kila mgonjwa ana mke, mtoto na kazi. Petersen alijua watazamaji wake. Sisi hatukuwamo.

Filamu kongwe zilizopigwa nchini mwetu nyingi zina tabia hiyo. Mogambo ya John Ford, 1953. Born Free, 1966, ambamo simba Elsa anajulikana vizuri kuliko mtu yeyote wa Meru. Out of Africa ya Sydney Pollack, 1985, ilipata tuzo saba za Oscar, na mimi huitazama kila inapopita kwenye televisheni, kwa sababu ile ndege ikipaa juu ya Bonde la Ufa roho yangu hupaa nayo. Hata hivyo Farah, mtu anayeiendesha nyumba yote ya mhusika mkuu, anapewa subira na utii tu. Malick Bowens wa Mali aliigiza nafasi hiyo kwa macho kiasi kwamba nimetamani mara nyingi kuisikia hadithi ikisimuliwa na yeye.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kibanda cha video, na wasomi wenzangu wanivumilie. Mabati, mabenchi, televisheni moja, na sauti ya msimulizi DJ Afro juu ya filamu ya Kichina au ya Kihindi. Watu wa vyuo wamemwona kuwa mharibifu. Mimi namweka kati ya wahakiki wakubwa wa filamu tulionao. Kazi yake si kutafsiri. Mazungumzo ya asili mara nyingi hayashughulikii kabisa. Anachofanya ni kubadilisha mtu anayeambiwa. Jambazi wa Hong Kong anapewa tabia za mtu tunayemfahamu sokoni, mzaha unaelekezwa benchi la mbele, na filamu ambayo haikutuwazia hata dakika moja inaanza kusema nasi. Tanzania walikuwa na msimulizi wao, Lufufu. Uganda, ng'ambo ya mto Suam, wana VJ Jingo na wenzake, kwa Kiganda. Na Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alifika mbali zaidi: Who Killed Captain Alex?, filamu yake ya mwaka 2010, imejulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, akishangilia na kuwatania waigizaji. Damu ni ya rangi, helikopta ni ya kompyuta, na mtazamaji anajua kila sekunde kwamba ametengewa kiti.

Filamu zetu za karibuni nazipenda kwa sababu zimekitambua kiti hicho. Mwas, kijana wa Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012, tunamkuta kijijini akiuza filamu za kizungu huku akiigiza vipande vyake ili wateja wanunue. Yaani shujaa wetu alianza kama mtazamaji. Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, inamhusu Jo, mtoto mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, ambaye amezilewa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinakubali kumtengenezea filamu yake. Nimeona watu wazima wakijifanya wanafunga kamba za viatu taa zilipowashwa.

Kuhusu The First Grader ya mwaka 2010 nina ugomvi kidogo. Ni habari ya jirani yetu wa Eldoret, Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84 na kufariki mwaka 2009 bila kuiona filamu. Oliver Litondo ameigiza kwa heshima kubwa. Lakini mwongozaji, Justin Chadwick, kila mara anasimama kumweleza mgeni Mau Mau walikuwa nani, na muziki unamwambia alie lini. Mzee yeyote aliyeketi humu hahitaji maelezo hayo.

Mtaniuliza: mbona basi hatuna filamu ya hapa kwetu Endebess? Fedha, ndiyo. Pia sheria. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tunayoitumia ilitungwa mwaka 1962, kabla ya uhuru, na bado inadai leseni ya kupiga filamu na kibali cha kuionyesha. Kwa mamlaka hayo Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku mwaka 2018, mwaka ule ule ilipokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Mahakama iliifungulia siku saba tu, na kumbi zikajaa. Kijana mwenye simu na wazo juu ya Kitum anaanzia foleni ya ofisi.

Jioni hii vijana wameomba niwachagulie filamu mbili za kuonyesha hapa ukumbini. Nimechagua Out of Africa na Supa Modo. Ya kwanza nataka dijei awepo, apewe kipaza sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na Farah aseme kila alichokinyamazia. Ya pili ikianza, nitamwomba dijei huyo huyo aketi benchini nasi.