SIMU YA MKONONI NA KAZI YA FUNDI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme juu ya makundi ya WhatsApp, Telegram na Facebook, kama yana faida kwa mtu wa kazi ama ni mahali pa kupotezea wakati tu. Wengi wetu huyatumia kwa salamu, michango ya matanga na habari za mpira, na hayo hatuyakatazi. Lakini sisi wa magereji twajua faida nyingine.

Magari mengi tuyatengenezayo yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na kitabu chake, kama kimo, kimeandikwa Kijapani. Zamani fundi aliyeshindwa alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwuliza, naye ni fundi mkubwa wa gereji ile ile, na pengine huyo alificha ujuzi wake asije akanyang'anywa kazi. Leo fundi wa Kitale apiga picha, na mwenziwe wa Changamwe aliyekwisha kuuona ugonjwa huo amjibu kabla chai haijapoa.

Tuchukue mfano. Gari lakosa nguvu na taa ya injini yawaka. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari yaonyesha P0171, maana yake injini yapata hewa nyingi kuliko petroli. Mashine haikusema ni kitu gani kilichoharibika. Fundi mwenye haraka humwambia mwenye gari anunue sensa mpya. Fedha zaenda, na kesho taa yawaka tena. Wazoefu katika kundi watamwambia atazame kwanza hosi za hewa kama zimepasuka, kisha asafishe sensa ya hewa kwa dawa yake, kisha apime nguvu ya pampu ya petroli. Utaratibu huo una thamani kuliko mashine yenyewe.

Kuuliza nako ni ufundi. Mtu aandika, "Gari haliwaki, nisaidieni," halafu ashangaa kuona kimya. Andika aina ya gari, mwaka wake, aina ya injini, alama iliyosomwa na yale uliyokwisha kujaribu. Katika picha funika namba ya gari, maana gari ni la mtu. Na likipona, rudi useme ni nini kilichokuwa kibaya. Wengi hawarudi, na jambo hilo latuudhi sana.

Wako pia watengenezao redio za zamani au kufuga nyuki kwa kujifurahisha tu. Wana makundi yao, na mara nyingi wana subira kutushinda sisi tulipwao.

Sasa jambo zito. Kundi si chumba kilichofungwa. Tangu 2022 kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na watu 1,024; huwezi kuwajua wote. Tusi uliloandika usiku juu ya msimamizi laweza kuwa mezani pake asubuhi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, yahesabu kumtukana mwajiri au msimamizi kuwa kosa kubwa la kumfukuzisha mtu. Lakini kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kufukuzwa kwa kosa sharti uelezwe sababu kwa lugha unayoifahamu, nawe una haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzako au mjumbe wa chama. Basi usitie sahihi karatasi yo yote ukiwa peke yako. Mwite mjumbe kwanza.

Hata habari za mishahara zitazamwe vizuri. Mei Mosi ya 2024 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 6 katika mishahara ya kima cha chini, lakini Agizo lenyewe lilianza kutumika tarehe 1 Novemba. Aliyemwendea tajiri mwezi wa Juni na simu mkononi hakuwa na sheria nyuma yake. Uliza ni Gazeti la Serikali namba gani, la tarehe gani.

Mafundi watakao kuingizwa katika kundi la tawi wampe katibu majina yao. Majibu yaliyothibitika yataandikwa katika daftari ofisini, maana simu huibiwa, na jibu zuri huzama chini ya salamu mia za asubuhi.