JIKO LA MKAA LISILALE CHUMBANI
(Mazungumzo ya mganga wa zahanati kwa wanaushirika)



Baridi ya Juni na Julai ikifika, wengi wetu tunaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hiyo ni hatari kubwa.

Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kabonimonoksaidi. Haina rangi wala harufu. Utasikia mtu anasema, "Mkaa si umeshakuwa mwekundu, moshi umekwisha?" Sivyo, ndugu zangu. Moshi umekwisha, sumu ipo. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi moyo na ubongo hukosa hewa.

Dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Mkiumwa kichwa nyumba nzima kwa pamoja, msikimbilie kusema malaria. Tokeni nje kwanza! Aliyelala hazisikii dalili hizi, anapitiliza. Wajawazito na watoto ndio huumia zaidi.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango, mtoe nje upesi, mpelekeni hospitali akapewe oksijeni. Maziwa hayaondoi sumu hii. Beseni la maji kando ya jiko nalo halisaidii kitu.

Jiko likae nje. Baridi ikizidi, ongeza blanketi.