BAKWATA na Usuluhishi wa Ndoa katika Ukanda wa Dhahabu



Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, BAKWATA, liliundwa Desemba 1968. Juu yupo Mufti. Chini yake wapo masheikh wa mikoa, wilaya na kata, hadi misikitini. Shinyanga inalo fungu lake katika historia hiyo: Sheikh Issa bin Shaaban Simba, aliyekuwa Mufti hadi alipofariki dunia Juni 2015, alizikwa mjini Shinyanga.

Wengi hulijua Baraza kwa tangazo la mwezi mwandamo. Lakini kazi yake iliyo karibu zaidi na nyumba za watu ni usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaagiza kwamba, kwa kawaida, shauri la talaka lisifunguliwe mahakamani kabla mgogoro haujafikishwa mbele ya baraza la usuluhishi. Liko la kata, na sheria inaruhusu pia vyombo vya jumuiya za dini kutambuliwa kwa kazi hiyo. Ndipo wanapoingia masheikh wa BAKWATA.

Jambo hili lina uzito wa pekee huku kwenye dhahabu. Rashi ikisikika Nyarugusu au Rwamgasa, mume hufunga mzigo na kwenda kutafuta duara. Mke hubaki Kahama au Shinyanga akilima, akilea watoto na kulinda nyumba. Siku moja hupigiwa simu kwamba ameachwa. Wengi hudhani kuwa hapo nyumba na shamba vimekwenda pamoja na ndoa.

Sivyo. Sheikh hupatanisha, hahukumu. Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi katika mfumo wa mahakama za Serikali. Suluhu ikishindikana, baraza hutoa hati inayoeleza hivyo, na hati hiyo ndiyo hufungua mlango wa mahakama, ambayo huvunja ndoa kisheria na kugawa mali. Hati isikae kabatini: ikipita miezi 6 tangu kutolewa, haifai tena kufungulia shauri. Naye aliyetelekezwa, asiyejua mwenzake yuko wapi, sheria inamruhusu kwenda mahakamani bila hati hiyo.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Aliyebaki nyumbani hakukaa bure.

Kwa hiyo, wanaofunga ndoa wadai cheti siku hiyohiyo na kukihifadhi. Mgogoro ukizuka, waende mapema kwa sheikh au baraza la kata, na wasiondoke bila maandishi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na ndoa ni hivyo hivyo.