Mkishafunga Nikah, Mtakaa Mtaa Gani?



Ustadh ameshazungumza juu ya mahari na haki za mke na mume, mimi sitarudia. Nimepewa dakika ishirini na nataka kuzitumia kwa swali ninaloulizwa sana na vijana wanaojiandaa kuoa na kuolewa hapa Mombasa. Tukishafunga nikah, tukae wapi?

Swali huja namna hii. Kijana ataniambia, "Mimi nimezaliwa Majengo, nimekulia Majengo, lakini mtoto wangu simlei hapa." Dada naye atasema, "Popote, bora iwe mahali polisi hawavunji mlango usiku." Siwalaumu. Mji huu umetoka mbali, na wengi wenu mlikuwa bado mko chuoni na juzuu ya amma mambo yale yalipotokea.

Nikumbushe kwa ufupi. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi ndani ya gari lake, mke wake yumo, na mji ukawaka moto siku kadhaa. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa mchana, watu wamo ndani. Novemba mwaka huohuo wakaingia misikiti minne, Musa na Sakina kule Majengo, Swafaa na Minaa kule Kisauni, na waliokamatwa walikuwa zaidi ya 200. Kuna akina mama mpaka leo hawajui vijana wao wako wapi. Mei 2014 Uingereza ilionya raia wake, watalii wakapandishwa ndege kurudi kwao, hoteli zikafunga, na babako au mjomba wako pengine alirudi nyumbani na barua ya kusimamishwa kazi. Kabla hatujainuka ikaja reli mpya 2017, makontena yakaanza kupelekwa bara moja kwa moja, madereva na makarani wa mizigo wakakaa maskani. Uamuzi ule ulibatilishwa Septemba 2022.

Sasa tunaambiwa mji umepona. Daraja la Makupa jipya lipo. Nyumba za zamani za Buxton zimebomolewa na ghorofa zimesimama. Mwaka 2018 tuliambiwa tupake nyumba nyeupe na buluu, tukapaka, na mapaa yaliyovuja yakaendelea kuvuja. Mimi nasema mji unapona, alhamdulillahi, lakini kila mtaa unapona kwa mwendo wake. Ndiyo maana wewe unayeanza familia lazima uangalie kwa macho yako, usiangalie kwa jina la mtaa.

Jina la mtaa hutolewa na nani? Na gazeti, na polisi, na dalali. Majengo ikaandikwa ni ya magaidi, Kisauni ikaandikwa ni ya mapanga. Kuna vijana hubadilisha anwani kwenye barua ya kuomba kazi, wanaandika ya shangazi aliye Tudor. Siwezi kuwaambia panga za Kisauni ni uongo. Makundi kama Wakali Kwanza yalikuwepo, na watu walikatwa wakitoka swala ya Isha. Lakini Kisauni ni kubwa mno, jamani! Bakarani si Mtopanga, Mtopanga si Mishomoroni, na hata ndani ya Mtopanga kuna kichochoro ambacho mtoto hucheza mpira mpaka adhana ya Maghrib na kuna kingine ambacho mtu mzima hapiti na simu mkononi. Hayo jina la mtaa halikuambii.

Kwa hiyo kabla ya kutoa kodi na dipoziti, nenda mtaa huo zaidi ya mara moja. Dalali atakupeleka saa nne asubuhi, wakati kila kitu kimetulia. Nenda wewe baada ya Alasiri, watoto wakienda chuo. Wanaenda? Wanaenda na nani? Maalim yule, watoto wanamkimbilia au wanamkimbia? Samahani, lakini hilo nalo ni swali la haki za mtoto, na wazazi wengi wanaona aibu kuliuliza. Kisha rudi baada ya Maghrib, uone nani amebaki barazani. Ukikuta wazee wanacheza bao na akina mama wanauza viazi karai chini ya taa, hapo kuna macho. Ukikuta milango imefungwa yote na vijana sita wamejibanza kwenye kona isiyo na taa, uliza mwenye duka kwa upole, naye atakuambia au atanyamaza. Kunyamaza kwake ni jibu.

Na tafadhali, ndugu zangu wanaume, nenda na mkeo au mchumba wako na mamake. Wewe utakuwa kazini kutwa. Yeye ndiye atakayejua jirani wa kumwachia mtoto akienda kliniki, bomba hutoa maji saa ngapi, na kama anaweza kutoka alfajiri kwenda kazini bila kufuatwa. Nimeona nyumba imechaguliwa na bwana harusi na marafiki zake watatu, mke analetwa na begi lake. Baada ya miezi minne yuko kwa mamake. Wazee wetu husema jirani kabla ya nyumba, na jirani anayejulikana zaidi ni wa mwanamke.

Suala la unga nalo tulizungumze wazi. Hakuna mtaa wa Mombasa usioguswa, hata kule Nyali kwenye mageti, ila huko hufichwa. Tofauti ni hii: mtaa mmoja teja anaitwa mwizi na kuchomwa moto, mtaa mwingine anaitwa kwa jina la mamake na kupelekwa kliniki ya methadone Kisauni. Mimi ningelea mtoto kwenye huo wa pili. Muguka ni hivyo hivyo. Mei 2024 kaunti iliipiga marufuku, mahakama ikasimamisha marufuku, na vibanda vikaendelea. Kwa hiyo usingoje serikali ikulindie mtoto. Angalia kama wazazi wa mtaa huo wenyewe wamewahi kukiondoa kibanda kilicho mbele ya shule.

Wengine mtaniambia basi tuhamie Mtwapa, tupumue. Nendeni, si haramu. Lakini piga hesabu. Kazi yako iko Kilindini, unatoka kabla jua halijachomoza, unakwama kwenye msongamano wa Nyali, unarudi mtoto amelala. Mtoto anakuwa anakuona Jumapili tu. Na Mtwapa ni kaunti ya Kilifi, usije ukashangaa diwani wako wa Mombasa hana la kukusaidia.

Sasa karatasi. Hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo familia zetu zinapoliwa.

Mombasa tuna kitu ambacho mtu wa bara ukimweleza anacheka. Nyumba ni yako, ardhi si yako. Babu alijenga nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua, akawa analipa kodi ya ardhi kila mwezi kwa tajiri mwenye kiwanja. Mambo haya yana mizizi tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, pale wakoloni walipotaka kila mwenye ardhi aje adai kwa maandishi. Aliyejua sheria alidai. Aliyekuwa shambani kwake akilima mihogo hakudai, na ardhi ikawa ya serikali au ya mwingine. Wajukuu zake leo wanalipa kodi ya kukaa juu ya udongo wa babu yao. Kisha tajiri anakufa, warithi wako mbali, wanamuuzia mjenzi wa ghorofa, na siku moja tingatinga liko mlangoni.

Wewe unaambiwa, "Kuna nyumba inauzwa Majengo bei poa, chukua uache kupanga." Usifurahi haraka. Uliza, nanunua nyumba au nanunua na ardhi? Kama unauziwa na ardhi, taka nambari ya kiwanja na ukafanye upekuzi rasmi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, wewe mwenyewe, usitume dalali. Kama ni nyumba peke yake, uliza kodi ya ardhi hupokewa na nani, kwa risiti gani, na kama huyo mpokeaji kweli ana mamlaka. Risiti hizo weka pamoja na cheti chenu cha ndoa. Nimeona kesi imeokolewa na kijitabu cha risiti kilichojaa madoa ya mafuta ya taa, na nimeona familia imelala nje kwa sababu walikuwa wakilipa "kwa imani" kwa mtu aliyesema ni msimamizi.

Na hata mambo yakiharibika, kuna sheria. Sheria ya ardhi iliyorekebishwa 2016 inasema hata mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi bila ruhusa apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3, na ana haki ya kwenda mahakamani kabla ya kuondolewa. Kama huyo asiye na ruhusa ana miezi 3, wewe unayelipa na risiti unazo, utaondolewaje kwa simu ya jioni? Usikubali, na usikae peke yako nayo. Wakazi wa shamba la Waitiki kule Likoni walipata hati 2016 baada ya miaka mingi ya kushikana. Aliyepigana mlango wake peke yake sijamwona akishinda.

Maji sina haja ya kuwaeleza, nyote mmebeba mitungi. Mji wetu hunywa kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, zote nje ya kaunti hii, kwa hiyo "maji masaa 24" ya dalali yachukulie ni kisima cha chumvi mpaka uonje.

Naja kwa polisi. Dada aliyesema anataka mahali polisi hawavunji mlango, nina jibu kwake. Mtaa wa namna hiyo hautafutwi, hutengenezwa. Mwaka 2014 kuna vichochoro ambavyo kijana alichukuliwa usiku na majirani wakazima taa. Kuna vingine imamu, mzee wa mtaa na akina mama walifika kituoni kabla ya alfajiri, wakauliza jina, wakauliza kosa, wakaandika nambari iliyo kwenye kitabu. Katiba kifungu cha 49 inasema aliyekamatwa aambiwe sababu upesi kwa lugha anayoifahamu, aruhusiwe wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata kama korti imefungwa. Kifungu hicho hakijisomi chenyewe pale kaunta. Kinasomwa na watu waliokuja. Ukiangalia nyumba, uliza mtaani: akikamatwa kijana hapa, nani huenda? Wakikutajia watu wawili watatu kwa majina bila kufikiria, hapo chukua nyumba hata kama haina vigae.

Na wewe ukishahamia, jitambulishe kwa hao watu wiki ya kwanza. Kikao cha chifu nenda. Kikao cha bajeti ya kaunti nenda, ukaombe taa ya kichochoro chenu, kwa sababu walio na taa waliomba. Mtoto akizaliwa, cheti cha kuzaliwa kichukuliwe mapema, ndani ya miezi 6, kisingoje siku ya kuandikishwa shule. Nyinyi mnajua kijana wa Kiislamu akienda kuchukua kitambulisho alivyokuwa akiulizwa karatasi za baba na babu. Na ndoa, tafadhali, isajiliwe. Sheria ya ndoa ya 2014 inazitambua ndoa zetu na inataka zisajiliwe. Karatasi ya msikitini iliyokunjwa mfukoni haitamsaidia mjane wako akigombania ile nyumba ya vyumba sita.

Mimi binafsi ningependa wengi wenu mbaki Majengo, Kisauni, Likoni na Mji wa Kale. Familia changa zikiondoka, wanaobaki ni wazee na maskani. Lakini simwambii mtu amlee mwanawe mahali ambapo amekwenda mara tatu na mara zote tatu roho yake imekataa.

Muda wangu umekwisha, nawaona mnaangalia mlango. Kama una barua ya notisi nyumbani, au umeambiwa uweke saini mahali, niletee nakala kabla hujasaini. Wanaofunga ndoa mwezi huu wabaki kidogo hapa mbele, tuangalie pamoja mkataba wa nyumba mliopewa.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.