Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Leo nataka tuzungumze juu ya maumivu ya mgongo na shingo, na juu ya taa ya leza inayosifiwa kuwa inayaondoa.

Nina jirani anayebeba mizigo Kariakoo. Hajafika miaka arobaini, lakini akitaka kuinuka kitini hushika kwanza meza. Juzi aliniuliza kama auze baiskeli yake ili alipie tiba ya leza, maana ameambiwa kuwa akimulikwa mara kumi atapona kabisa. Swali hilo si lake peke yake, kwa hiyo nalijibu hapa hadharani.

Kwanza, leza ni mwanga. Si ile mionzi inayotibu saratani pale Ocean Road. Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960. Miaka michache baadaye daktari wa Hungaria, Endre Mester, alimulika kwa leza hafifu ngozi ya panya walionyolewa, akaona manyoya yao yanaota upesi kuliko ya wenzao. Tangu hapo mwanga huo hafifu, usiokata wala kuunguza, umejaribiwa kwenye vidonda na maumivu. Wataalamu wanaamini kuwa unazichangamsha chembe za mwili na kupunguza uvimbe.

Je, unasaidia? Kwa shingo, kuna dalili nzuri. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 yenye wagonjwa 820, na waliomulikwa walipata nafuu, wengine hadi wiki 22 baada ya tiba. Lakini mwaka huohuo taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba iliwaambia madaktari wasitoe leza kwa maumivu ya kiuno yasiyo na chanzo maalumu, kwa kuwa ushahidi wake haukutosha. Basi tunachoweza kusema ni kwamba taa hii inaweza kumpa mtu nafuu. Anayeahidi kuponya kabisa anauza maneno.

Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya kiuno. Linapendekeza mgonjwa aelimishwe, afanye mazoezi, akandwe, na apewe dawa za maumivu kwa uangalifu. Ile mikanda ya kiuno tunayoiona imefungwa na wabebaji wengi halikuipendekeza iwe tiba ya kawaida. Na wale wanaomeza diklofenaki kila asubuhi kama chai wajue kuwa dawa hiyo inaweza kuchimba vidonda tumboni na kudhuru figo.

Jirani yangu nimemwambia asiuze baiskeli. Aende kwanza hospitali apimwe, aonane na mtaalamu wa fiziotherapia. Kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unamtoka bila kujijua, kama ana homa za jioni na anakonda, asingoje hata siku moja. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na hakuna taa ya kukitibu. Akikutana na mwenye leza, amuulize amesomea wapi, na kama ana miwani ya kukinga macho, maana mwanga huo huweza kuyaharibu.

Lakini hata taa ingekuwa nzuri namna gani, jirani yangu atatoka kwenye kitanda cha tiba na kurudi chini ya gunia.

Ndugu wasikilizaji, jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa maradhi na uchovu. Vita ilikwisha mwaka 1918, lakini hapo Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Kongo mizigo bado inapanda vichwani na migongoni.

Tunaijua lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake. Tunailaumu kwa kuwa inampunja mkulima, na ni kweli inampunja. Sheria yetu ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kuwa mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Kwa hiyo hata gunia halali, lisilo na kilemba, linakaribia mara mbili ya kiasi hicho. Tunapima haki ya mkulima na haki ya mnunuzi, na mgongo ulio katikati yao hatuupimi.

Wala si jambo lisilowezekana. Saruji huja kwa mfuko wa kilo 50, sukari vilevile, na hakuna mfanyabiashara aliyefilisika kwa sababu hiyo. Kwa nini viazi na vitunguu visifungwe hivyo? Wakubwa wa vipimo na wenye maghala wakikaa siku moja na wabebaji wenyewe, watawaondolea watu maumivu mengi kuliko mashine yoyote tutakayoagiza kutoka ng'ambo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nani kati yetu yuko tayari kulijaribu kanda hilo kichwani mwake, kutoka kwenye lori hadi ghalani?