Dawa Nyekundu na Moyo: Tunzeni Kadi Zenu



Mwaka jana alifika zahanati mama mmoja akikohoa, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Tulimpa dawa za pumu. Aliporudi baada ya majuma mawili, miguu ilikuwa imevimba. Hatukuwa tumemwuliza, naye hakuona sababu ya kusema, kwamba miaka sita nyuma alitibiwa saratani ya titi akapona. Kadi yake ya matibabu ilikwisha kuliwa na mchwa.

Miongoni mwa dawa za saratani ipo doksorubisini, ambayo wagonjwa huiita dawa nyekundu kwa rangi yake. (Huufanya hata mkojo uwe mwekundu siku moja au mbili, hiyo si damu.) Imeokoa wengi, nami simshauri mtu kuikimbia. Lakini yaweza kuumiza misuli ya moyo, na madhara yake hujumlishwa: dozi ya leo huongezwa juu ya ile ya miaka kumi iliyopita. Kwa kawaida madaktari hawapendi jumla ya maisha yote ivuke miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Mizunguko minne ya miligramu 60 hufikisha 240. Mgonjwa aliyeanza tiba Mwanza akaendelea Dar es Salaam bila kadi, nani atajua hesabu yake imefika wapi?

Kabla ya dripu ya kwanza, ulizeni habari za kipimo cha eko, kinachoonyesha nguvu ya moyo kusukuma damu. Wanaopewa trastuzumabu hukirudia takriban kila miezi mitatu, maana udhaifu utokanao nayo mara nyingi hurekebika dawa ikisimamishwa mapema. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa jirani.

Lililo ndani ya uwezo wetu hapa kata ni shinikizo la damu. Likiachwa juu, huuzidishia hatari moyo ulioguswa na dawa hizo. Aliyewahi kutibiwa saratani, hata zamani, aje apimwe, na aanze kwa kutaja tiba aliyopata. Pumzi ikikatika kwa mwendo mfupi, vifundo vikivimba, au mtu akiamka usiku akitafuta hewa, msingoje kliniki ya mwezi ujao.

Yule mama sasa yuko kwenye dawa za moyo, na amerudia bustani yake. Kadi mpya ameihifadhi ndani ya kopo la bati.