KUMPIMA KIJANA KABLA YA KUMCHAGUA

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya michezo. Bila shaka wengi mlitazamia habari za kandanda. Mniwie radhi. Nitasema juu ya futiboli ya Kimarekani, mchezo niliouzoea nilipokuwa huko masomoni. Sikusudii kuwafundisha kuucheza. Nausema kwa sababu wenzetu wale wamefanya kazi moja kuwa elimu kamili: kazi ya kumpima kijana kabla ya kumchagua. Na kazi hiyo mimi niliwahi kuifanya vibaya, katika uwanja huo hapo nje.

Kwanza niueleze mchezo kwa ufupi. Kila timu huwa na watu 11 uwanjani. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Wakifaulu hupewa nne nyingine. Wakishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Mbele husimama ukuta wa watu wenye miraba minne. Nyuma yao yuko mgawaji mpira, na karibu naye yuko mbeba mpira. Huyu wa mwisho ndiye ninayetaka kumzungumzia. Kazi zake ni tatu: kupenya na mpira, kudaka mpira unaorushwa, na kumkinga mgawaji asiangushwe.

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, timu za kulipwa huchagua vijana kutoka vyuo vikuu kwa zamu, na kwa kawaida timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hutangulia. Kabla ya siku hiyo wapimaji huwa wamekwisha zunguka vyuoni na kutazama filamu za michezo. Kadhalika, tangu mwaka 1987 vijana hukusanywa mjini Indianapolis. Huko hupimwa kimo, uzito, mbio za yadi 40, kuruka, na kunyanyua chuma cha ratili 225, yaani kilo 102 hivi. Madaktari nao huwakagua viungo.

Je, taarifa ya mbeba mpira huandikwaje? Mpimaji hodari haishii kugawa karatasi pande mbili, huku uzuri na huku ubaya. Kila neno aliloandika hulihoji. Kijana amepata yadi nyingi: je, ukuta wake ulimfungulia mlango, au alizipata mwenyewe baada ya kushikwa? Wapinzani wake walikuwa wa kiwango gani? Je, huuona upenyo kabla haujafunguka? Huudondosha mpira? Amekwisha beba mara ngapi, na magoti yake yako katika hali gani? Hapo ndipo penye kiini cha kazi. Kutojua kumkinga mgawaji ni upungufu wa mafunzo, na mwalimu aweza kuuondoa. Goti lililochakaa mwalimu hana dawa yake. Yote mawili huitwa udhaifu, lakini si kitu kimoja.

Nitatoa mifano miwili. Mwaka 1990 alikuwapo kijana wa Chuo Kikuu cha Florida, Emmitt Smith. Wapimaji wengi walisema ni mfupi, maana kimo chake kilikuwa kama sentimita 175, na tena hana mbio za kutosha. Hawakusema uongo; saa na futi vilishuhudia. Lakini filamu zilionyesha jambo jingine: macho ya kuona njia, subira ya kuusubiri ukuta, na mwili usioangushwa kwa mguso wa kwanza. Majina 16 yalitajwa kabla ya lake, ndipo timu ya Dallas ilipomchukua. Alipoacha kucheza baada ya msimu wa 2004 alikuwa amepata yadi 18,355, nyingi kuliko mbeba mpira yeyote aliyemtangulia.

Wa pili ni Mwafrika mwenzetu, Christian Okoye wa Nigeria. Alikwenda Chuo Kikuu cha Azusa Pacific, California, kwa ajili ya riadha, hasa kurusha kisahani. Alipoachwa nje ya timu ya nchi yake iliyokwenda Olimpiki mwaka 1984, akajaribu futiboli, mchezo ambao hakuukulia. Taarifa yake ilikuwa na mambo ya kutia shaka: uzoefu mdogo, na chuo kidogo chenye wapinzani wa kiwango cha chini. Upande wa pili, alikuwa na kilo zipatazo 118 na mbio za ajabu kwa mtu wa uzito huo. Mwaka 1987 timu ya Kansas City ilimchagua akiwa wa 35. Mwaka 1989 alipata yadi 1,480 na kuwashinda wabeba mpira wote wa ligi. Hakudumu sana, aliacha baada ya msimu wa 1992. Lakini ule ugeni wake katika mchezo, uliotiliwa shaka, ulikuwa jambo la kufundishika.

Sasa nirudi kwenye uwanja wetu. Nilipokuwa kidato cha nne na nahodha wa riadha, mwalimu alinipa daftari niandike majina ya wanaofaa kwa mbio za kupokezana vijiti, na sababu za kuwaacha wengine. Mbele ya jina la kijana mmoja wa kidato cha pili niliandika neno moja tu: "Mzito." Saa ilinionyesha hivyo. Sikumwuliza kitu. Baadaye nilisikia kwamba siku ile alikimbia akiwa ametoka kuugua homa, siku ya tatu tu tangu atoke kitandani. Daftari lilibandikwa ukutani, naye hakukanyaga tena uwanjani mpaka nilipomaliza shule. Yumo humu ukumbini leo. Jana usiku nilimwomba radhi, akacheka, akasema amekwisha sahau. Mimi sijasahau.

Wazee wenzangu, wengi wetu sasa ndio tunaoandika taarifa za vijana: makazini, mashuleni, katika kamati za michezo. Tuandike udhaifu, maana kuuficha si wema. Lakini tuandike na chanzo chake, na kama waweza kuondolewa. Nanyi vijana, mtakapopimwa mkaambiwa mna upungufu, msikasirike wala msikate tamaa upesi. Ulizeni kwanza: huu ni wa kufundishika, au sio? Ukiwa wa kufundishika, rudini uwanjani kesho asubuhi.